Theluji Ilipoguna

Utotoni mwangu, tulipokuwa tukiishi Overport, mtaa wa Durban, Afrika Kusini, niliiogopa theluji kabla sijaigusa. Koko, bibi yetu mzaa mama, alikulia Kongo chini ya Ruwenzori, na marehemu babu alikuwa mpagazi wa mlima huo. Kwa Koko theluji ilikuwa na mwenyewe. Huinyooshei kidole, hupigi kelele mbele yake, na ikiguna unaondoka bila kuuliza.

Baridi ya mwaka 2012 theluji ilianguka sana milima ya Drakensberg, na kwaya ya kanisa letu ikakodi taxi nzima, yale mabasi madogo ya huko, kwenda kuiona. Koko alinipa chupa ya chai, tupu, nimletee kidogo. Kisha akanishika mkono.

"Neema, unachunga Beni." Beni ni mdogo wangu, wakati huo akiwa na miaka saba. "Ile kitu haipendaka makelele. Ikiguna, murudie kwenye mulipitia. Pole pole. Musikimbie."

Papa Elie, kiongozi wa kwaya, alikuwa mlangoni anasikia. "Mama, sisi tuliokoka," alisema. "Mambo ya mizimu tuliacha kule Congo." Akacheka, nami nikacheka naye.

Tulifika mchana, jua likiwaka. Upepo ulikuwa umeirundika theluji kwenye mteremko mmoja juu ya njia, na ukingo wake ulining'inia kule juu kama paa lisilo na nguzo. Sisi watu wa Durban, na viatu vyetu vya kanisani, tuliona uzuri mtupu. Ila theluji ya njiani ilikuwa imekanyagwa ikawa tope, na Beni hakutaka kumpelekea Koko uchafu. Aliniponyoka na chupa ya Koko, akaanza kupanda mteremko.

Sisi wengine tulisimama kwenye mwamba kando ya mteremko. Papa Elie akapiga makofi, na kwaya ikapokea kwa wimbo wa shukrani. Kwaya ya Wakongo haijui kuimba kwa sauti ya chini. Nilimwita Beni, hakunisikia. Akazidi kupanda.

"Munyamaze!" nililia. "Tafadhali, munyamaze!"

Mtoto wa miaka kumi na mmoja kuwanyamazisha wazee katikati ya sifa za Bwana! Walinyamaza kwa mshangao, si kwa utii.

"Wee Neema," Papa Elie alisema, "unaongea na nani hivyo?"

Kabla sijajibu, theluji iliguna. Ulikuwa mguno mzito wa chinichini, kama mtu mnene anapojitupa kitandani chumba cha pili. Ufa mwembamba ukachora mstari juu ya kichwa cha Beni.

"Beni," nikasema polepole, ingawa nilitaka kupiga yowe, "rudi kwa nyayo zako. Usikimbie."

Alianza kulia, lakini alirudi. Aliweka mguu mmoja kwenye shimo lake, halafu mwingine. Papa Elie alishindwa kusubiri, akanyoosha mkono na kumvuta kwenye mwamba tuliposimama. Hapo mteremko mzima ukakatika na kuteremka, ukafunika nyayo zote, na chupa pamoja nazo.

Nyumbani Papa Elie alivua kofia mbele ya Koko.

"Chupa iko wapi?" Koko aliniuliza.

"Ilibaki kule."

"Basi. Ilichukua chupa."

Ukubwani nimesoma kwamba sauti ya mtu haiangushi theluji. Upepo, jua na uzito wa mguu ndio huiangusha, hata mguu wa mtoto. Koko alikosea hapo, na sikuwahi kumwambia. Lakini tungeendelea kuimba, ule mguno nani angeusikia?

Beni sasa ana ndevu, anafanya kazi Pinetown, na anachokumbuka ni vidole kufa ganzi. Mimi nakumbuka kicheko changu pale mlangoni. Nilikuwa tayari kumtupa Koko ili Papa Elie anione nimeokoka, na bei yake ilikaribia kuwa mdogo wangu.