Saburi Mpima Majivu

Ukitaka kumkasirisha Saburi wa Likunja, mwambie nyumba fulani haina mtu. Atakuuliza, "Majivu umeyagusa?" Sisi majirani tulimcheka, tukamwita Mpima Majivu. Siku hizi mimi sicheki.

Saburi alipigana Burma, upande wa mizinga. Siku moja alitumwa kutazama kijiji. Akaona milango imefungwa, akarudi na kusema hakuna mtu. Wenzake wakapiga. Watu walikuwamo. Aliporudi kwao mwaka arobaini na sita, mkewe alikwisha olewa huko Nanganga, basi akaishi peke yake. Habari ya kijiji kile alinieleza mara moja tu, tukipukuchua mahindi, na hakuinua uso.

Mwaka hamsini na nne askari walikuja kufanya mazoezi ya mizinga karibu na mashamba ya karanga yaliyoachwa na Wazungu. Amri ya serikali ilikuwa nzuri, nakiri: mzinga usilie mpaka watu wote wahame, na mwenyeji athibitishe kwa kupandisha bendera nyeupe. Saburi akapewa bendera, na karani akamsomea orodha ya nyumba.

"Bwana karani," alisema Saburi, "mtama umeiva. Watu hawalali nyumbani sasa, wako kwenye madungu huko mashambani, wanafukuza nguruwe."

Karani akafunga daftari lake. Saburi akayazunguka madungu yote, akitia mkono kati ya mafiga.

Kwenye dungu la Biasha, mjane mzee, majivu yalikuwa ya moto. Mwenyewe hayupo. Saburi aliita mpaka sauti ikakauka, kisha akaketi na bendera mapajani. Ofisa alitukana weee, Saburi hakuipandisha. Jua likapinda, mizinga ikarudishwa kambini bila kulia.

Kumbe Biasha alikunywa uji wake alfajiri, akashika njia ya Ruangwa kwa binti yake! Saburi akanyang'anywa bendera, na kijiji kizima kikacheka.

"Nichekeni tu," alisema. "Na Biasha naye yupo, anacheka."

Jioni nilimpelekea ugali, maana nilimwonea huruma. Nikamkuta amechuchumaa jikoni kwake gizani, mkono umo kwenye majivu. Hakuwa amewasha moto tangu jana.

"Baridi kabisa, Abdalah," aliniambia. "Nyumba hii ningeipandishia bendera."