Deni la Goli Moja

Jumapili ya mwisho ya Julai nilimpoteza mume wangu, hospitalini Columbus, mji ambao hatukuishi. Mshipa wa damu ulimpasuka kichwani. Jana yake alikuwa amechezesha mpira wa Warundi wa Marekani, Columbus na Louisville. Walimwita yeye kila mwaka kwa sababu sisi ni wa Buffalo, hakuwa na upande.

Columbus walifungwa moja bila. Walidai wamesawazisha, yeye akapeta, mchezo ukaendelea. Mwishoni walimfuata hadi kwenye gari. "Mzee, Louisville wamekununua!" Akaingia garini. Aliniambia tu kwamba jua lilikuwa kali.

VAR, ile video ya marefa, hakuipenda. Tukitazama mechi za Ulaya, refa akikimbilia kwenye skrini, alisema, "Sasa huyu filimbi kaibeba ya nini?"

"Na macho nayo hukosea," nilimwambia.

"Yangu hukosea bila kuchagua timu."

Septemba tuliondoa matanga Buffalo, kwenye ukumbi wa kanisa. Watu walikuja na magari kutoka miji yote miwili. Kwa desturi yetu, siku hiyo familia huuliza kama kuna anayemdai marehemu, aseme mbele ya watu. Kaka yake mkubwa akauliza. Kapteni wa Columbus akasimama.

"Mzee, sisi tunamdai goli moja."

Watu walicheka, hata mimi. Kisha nikaona kapteni mwenyewe hacheki.

"Goli gani?" kipa wa Louisville akapaza sauti. "Mpira niliudaka!"

"Uliudaka ndani, kama mtu anayekimbiza kuku chumbani."

Shemeji yangu alitaka kumkalisha kapteni. Nikamwambia amwache. Kama waliamini mume wangu alinunuliwa, nilitaka neno hilo liishe siku hiyo, nisirudi nalo nyumbani. Kapteni alikuwa na video. Wakaunganisha simu yake na televisheni ya ukumbini.

Mara ya kwanza ilipita haraka, kila upande ukashangilia. Mara ya pili waliipunguza mwendo. Mpira ulikuwa umevuka mstari, wote. Kipa akainamisha kichwa.

"Rudisha," nikasema.

Mara ya tatu sikuangalia mpira. Mume wangu alikuwa amesimama karibu, hakuna aliyemziba, uso umeelekea golini. Filimbi ilikuwa mkononi. Ule mkono ulianza kupanda, ukaishia kiunoni, ukashuka. Wachezaji walipomzunguka wakipiga kelele, aliwatazama mmoja mmoja kama mtu aliyeamshwa usingizini katika nyumba asiyoijua. Wakati ule mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja, napakua wali. Sijui kama mpira aliuona. Video haikuniambia hilo, na bado nalala nikiutazama ule mkono.

Nadhani na watu wa ukumbini waliona kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza. 

"Mama, tusamehe," kapteni akasema. "Tuyaache."

"Goli ni lenu. Ulivuka."

"Basi ni moja moja," kipa akaitikia, kwa sauti ndogo.

Shemeji yangu akauliza kama kuna mwingine mwenye dai. Hakuna aliyesimama. Kapteni akachomoa waya, akaja nilipokaa, akaniuliza kama aifute ile video. Nikamwambia hapana, anitumie. Akanitumia pale pale.