Mutua Amepumzika

Mimi darasa nililikimbia mapema, na Kiswahili cha watu wa kanisa bado chanipita kando. Rafiki yangu Mutua alikuwa mgonjwa sana, na majuzi binti yake alinijia asubuhi. "Shikamoo babu. Baba amepumzika."

Sisi huku mtu akifa twasema amefariki. Basi nikafurahi. "Alhamdulillahi. Mwacheni alale, msimwamshe."

Nikaangua madafu ya ule mnazi mfupi, ambao Mutua husema ni wake, mimi naulinda tu. Jioni nikaingia uani kwake nikiita, "Ewe mvivu, amka unywe!"

Watu waliojaa uani wakanigeukia. Mkewe akainuka, akayapokea madafu.

"Gari la mochari tulilizuia mpaka adhuhuri, Mzee Hamisi, tukikungoja uje umuage."