Nilikonda kwa kupenda, mama akadhani ni njaa

Admini, weka maneno yangu lakini jina lifute kabisa, maana bamama wa kanisa letu wanasoma ukurasa huu na midomo yao naijua.

Niko mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mkongomani wa Kivu ya Kusini. Mama yangu anaishi Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda. Mimi niko Mbarara, nimepanga chumba Nyamitanga na ninashona nguo kwenye duka la Hajati mmoja mjini. Cherehani ni kazi ya kukaa. Nilikaa miaka minne, asubuhi chapati mbili na soda, mchana posho, yaani ugali, na maharagwe, jioni posho tena, mpaka nikafika kilo mia moja na nne. Siku moja kizunguzungu kikaniangusha juu ya kitambaa cha mteja. Kwenye kliniki nesi akanipima presha, akatikisa kichwa. "Nyabo, unaingiza chakula kama mtu wa kulima, lakini wewe kazi yako ni kwa kiti. Punguza posho, ongeza miguu. Hivyo viwili vilingane, la sivyo presha itakumaliza."

Nilimsikia. Nikaacha boda, nikawa ninavuka daraja la mto Rwizi kwa miguu asubuhi na jioni. Nikajifunza kuhesabu kalori kwenye simu. Jamani, nilijua kalori za chapati kuliko nilivyojua Zaburi! Miezi saba, kilo ishirini na mbili zikaondoka na presha ikashuka. Magauni yangu nikayabana mwenyewe, Hajati akicheka, "Mashallah, umerudi kuwa msichana!" Siwezi kudanganya, niliringa.

Kisha nikaenda Nakivale kumsalimia mama. Hapo ndipo nilipoharibu.

Mama alinipokea mlangoni, akanishika mikono, akanishika shingo, akaanza kulia. "Mutoto wangu, umeisha! Uko mugonjwa? Usinifiche, miye ni mama yako." Bamama watatu wa kanisa walikuwa wamekaa hapo wakichambua maharagwe. Wakatazamana, na nilijua wanawaza ugonjwa gani. Mnajua hali ya kule, msaada wa chakula umekatwa, wengine hawapati kabisa. Niseme ninapunguza kula kwa kupenda kwangu, mbele ya watu wanaogawana kikombe cha maharagwe? Ulimi ulikataa. Nikasema, "Sina ugonjwa, mama. Ni maisha ya mjini tu. Kazi imepungua, ninakula mara moja kwa siku." Uongo mtupu! Mchana huohuo nilikuwa nimeacha nusu sahani ya wali hotelini Kaberebere, njiani nikija, eti kalori zimetosha.

Wiki iliyofuata dereva wa teksi akaniletea mfuko dukani: unga wa muhogo, maharagwe, ndagala, yaani dagaa, wakavu na chupa ya mawese. Mama alikuwa amesimama kanisani akaniombea chakula, na bamama wakachanga. Wiki nyingine mfuko mwingine. Na mwingine. Sasa mimi nifanye nini na mawese, kijiko kimoja tu kalori mia na ishirini? Nilisukuma mifuko chini ya kitanda. Maharagwe yakaingia wadudu, unga ukaota ukungu. Nikavitia ndani ya mfuko mweusi ili majirani Wakongomani wasione, nikatupa jalalani. Wapendwa, nilitupa chakula cha wakimbizi, na mimi ni mkimbizi. Naandika hapa uso unaniwaka.

Mwezi uliopita mmoja wa wale bamama alikuja hospitali Mbarara, akapitia dukani. Alinipima kwa macho toka kichwani mpaka miguuni. "Binti, mama yako amekonda kukupita. Anawasha moto mara moja tu, saa kumi. Tukimuuliza anasema, mutoto wangu analala njaa, miye nitashiba namna gani?"

Nilikimbilia chooni nikalia. Kesho yake nikamtumia mama mchele, sukari na mafuta. Vikarudi vyote, na ndagala juu yake! Nikapiga simu, akanifokea. "Unakonda, halafu unanitumia chakula? Una akili kweli? Miye ni muzee, tumbo yangu ni kidogo. Kula wewe!" Nilifungua mdomo niseme ukweli, nikasikia jinsi sauti yake ilivyopungua nguvu, nikaishia kusema, "Aksanti, mama." Mjinga mimi!

Najua kuna atakayesema ninenepe tena mambo yaishe. Nilijaribu. Wiki nzima nilikula kama zamani, na kutembea nikaacha. Presha ikapanda, nesi akanigombeza kama mtoto aliyekojoa kitandani, na mfuko wa mama ukafika vilevile.

Sasa Jumamosi hii mama anakuja Mbarara na bamama wanne. Wanakuja kupika, kuniombea na kunitazama nikila. Nikila na kushukuru, mama atarudi Nakivale kuendelea kujinyima, na kwa umri wake sijui atafika wapi. Nikisema kweli, nitamvua nguo mama yangu mbele ya watu aliowaomba kwa machozi, na wawili kati yao walifutwa kabisa kwenye msaada lakini walichanga. Wataona mama na mimi tulikuwa na shauri moja la kuwadanganya tule chakula chao. Nimewaza hata kumwambia Hajati anitume safari siku hiyo, nikaona nitakuwa nimeongeza uongo juu ya uongo.

Nitukaneni, ninastahili. Ila mkimaliza matusi mnipe na maneno ya kusema, maana mimi nimeyatafuta sikuyapata: mtu anamwambiaje mama aliyelala njaa kwa ajili yake kwamba yeye alikuwa ameshiba?