Moteri Iliyofundishwa Kukohoa

Sévère alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kusema ukweli kabla hajaulizwa. Mafundi wengine wa mtaa wa Kimanga, gari likifika, wanalizunguka, wanakuna kichwa, wanasema "tutaona", na maisha yanaendelea. Yeye hapana. Alisimama mbele ya Corolla ya Papa Hyacinthe, nayo ikitetemeka na kutoa moshi wa buluu uliofunika mpaka meza za wauza mikate ng'ambo ya barabara. Akasikiliza kwa muda wa kupenga kamasi, akatamka: "Papa, moteri hii imekufa."

Tena akatamka mbele ya watu. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walishamaliza. Papa Hyacinthe alikuwa mkurugenzi wa shule ya msingi miaka ishirini na saba, na nusu ya wanaume waliosimama pale aliwahi kuwachapa. Mtu kama huyo haambiwi kwamba kitu chake kimekufa, na hasa haambiwi na aliyerudia mwaka wa tano.

"Weye Sévère," alisema polepole, "hata kugawanya ilikushinda. Leo ndiyo unajua moteri? Minye na hii gari tumetoka mbali. Hii moteri njo itanizika."

Watu wakacheka. Mzee akaingia garini, injini ikakohoa mara tatu, mkanda ukalia, akaondoka na moshi wake. Sévère akabaki ameshika spana. Fundi wa pale hana kibao wala vyeti ukutani. Ana sikio lake tu, na siku watu wakiamini limeziba, afadhali akavue ndagala.

Siku ya tatu alipata mgeni aliyepitia mlango wa nyuma. Alikuwa Mama Geneviève, mke wa Hyacinthe, mama wa biashara, ambaye kila Alhamisi alikwenda na Corolla ile kuchukua mpunga Lubarika na nyanya Katogota, na kila Alhamisi alishuka kuisukuma.

"Nimesukuma mpaka mabega yangu imekuwa ya mwanaume," alisema. "Kesho Papa anapanda mlimani, Bijombo, mambo ya mahari ya mtoto wa mdogo wake, na gari inabaki. Siku tisa. Weye badilisha moteri, na asijue kitu."

"Mama, atajua. Ile sauti anaijua kuliko yako."

"Basi moteri mupya uipe ile sauti."

Sévère alicheka, halafu akaacha, kwa sababu aliona mwenzake hacheki. Mama akamwapisha palepale kwamba hatasema kwa mtu yeyote, hata achekwe, hata atukanwe. Sévère akaapa upesi. Mtu huapa upesi anapodhani hataulizwa.

Injini ya pili, ndugu kabisa wa ile ya zamani, ililetwa kutoka Bujumbura imefungwa ndani ya turubai la shitingi, na ikapita mpaka wa Kavimvira na karatasi zake zote, jambo ambalo peke yake lilistahili sherehe. Sévère aliikalisha juu ya tairi kuukuu nyuma ya uzio wa mabati. Watu wakiuliza Corolla inafanya nini pale, Mama Geneviève anajibu: breki.

Kwanza aliziba matundu yote kwa vitambaa safi, akavihesabu, maana kitambaa kimoja kikisahaulika ndani ni msiba. Kisha akaiosha kwa mazutu, yaani dizeli, na brashi mpaka chuma kikaonekana. Akatoa bugi zote nne, zile plagi za cheche, akawa anazungusha injini kwa mkono mmoja huku dole gumba la mkono wa pili limeziba tundu. La kwanza likamsukuma kidole. La pili, la tatu, la nne, yote yakamsukuma kwa nguvu ileile. "Mzima huyu," alijiambia. Hata hivyo akabadilisha mkanda wa ndani na mipira yote inayozuia mafuta. Kazi hiyo injini ikiwa chini inachukua asubuhi moja, ikishaingia garini inachukua wiki nzima na matusi.

Siku ya nne akaifunga kwa mnyororo isiruke, akatundika kidumu cha esanse, petroli yenyewe, msumarini, akaunganisha betri. Iliwaka mara ya kwanza. Ilizunguka kwa upole hata akasikia kuku wa jirani akiparura. Sévère alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Halafu akakumbuka kazi aliyopewa, akaichukia.

Maana hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo hakuna shule inayoifundisha, yaani kumtia tabia mbaya mtoto aliyelelewa vizuri. Alifungua kifuniko cha juu cha injini ya zamani, kile chenye bonde la nyundo ya Hyacinthe mwenyewe na herufi zake mbili za rangi nyeupe, akakifunga juu ya mpya. Kile safi akakipeleka kwa marehemu. Akahamisha na mkanda wa nje unaolia. Kisha akakwangua masizi na grisi ya miaka yote, akaipaka injini mpya kwa kijiko, akainyunyizia vumbi la barabara. Alikuwa ameiosha siku mbili, sasa anaichafua siku nzima. Aliona aibu kama mtu anayeiba kanisani.

Kikohozi ndicho kilichomsumbua. Mwishowe alirudisha bugi moja iliyochoka, akawa anaigonga ncha kidogo kidogo. Injini ikiwa baridi inakohoa, ikipata joto inatulia. Lakini ilikohoa mara mbili.

"Ni tatu," aliiambia. "Papa anajua kuhesabu."

Akagonga tena. Nne. Akapanua kidogo. Mbili. Ilipofika tatu asubuhi mbili mfululizo, akaita wabeba mizigo wawili wa bandari ya Kalundu, wasiojua gari ni la nani, wakaing'oa ya zamani, wakainyanyua mpya kwa mnyororo na kuishusha mahali pake. Kilichobaki ni moshi. Moshi hakuweza kuuigiza, na alikwenda kumwambia Mama Geneviève hivyo huku ameinamisha kichwa.

"Moshi uniachie," alisema mama. "Papa ameenda siku ngapi?"

"Tisa."

"Na sala ya novena iko siku ngapi?"

Hyacinthe aliporudi, mkewe alimpokea kwa habari kwamba ameiombea gari siku tisa, mishumaa tisa. Mzee akageuza ufunguo. Kikohozi mara tatu. Mkanda ukalia. Akapapasa usukani kwa mapenzi, akatazama nyuma asione moshi, akavua kofia. Sévère, aliyekuwa amejibanza nyuma ya ukuta wa jirani, akashusha pumzi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Alidhani yamekwisha. Loo, yalikuwa yanaanza. Alhamisi Corolla ilikwenda Lubarika, ikarudi na magunia ya mpunga bila mtu kushuka kusukuma. Tangu hapo kila asubuhi Papa Hyacinthe alisimamisha gari mbele ya gereji, akapiga honi, akaita kwa sauti ya uwanja wa shule: "Sévère, maiti inakusalimia." Siku nyingine: "Maiti imetoka Katogota, inauliza kama weye umeamka." Watu wa barabarani walianza kuja mapema ili wasikose.

Kicheko kikaingia kwenye kazi. Thaddée, mwenye basi dogo la abiria, alikuwa amekubali kubadilishiwa injini. Alikuja akalichukua basi lake. "Hata ya Papa Hyacinthe ulisema imekufa," alisema, akaenda zake akifuka moshi. Wawili wengine wakamfuata. Wiki tatu Sévère hakushika injini ya mtu. Aliziba pancha. Na kilichomuuma zaidi ya njaa ni kwamba kazi bora aliyowahi kuifanya maishani ndiyo iliyomfanya mjinga wa mji.

Akaenda kwa Mama Geneviève. "Mama, unifungue. Niseme."

"Weye ulinipa neno."

"Nilikupa neno, sikukupa na watoto yangu."

Mama alikuwa anachoma samaki wa mikeke. Akamwekea mmoja na kipande cha bugali. "Kula kwanza."

Akala, kwa sababu hasira haijazi tumbo. Akarudi gereji ameshiba na hasira yake iko palepale. Ili kuituliza, aliitoa ile injini ya zamani kwenye kona na kuifungua achague vyuma vya kuuza. Akaiacha katikati ya kiwanja, matumbo nje.

Hapo ndipo Papa Hyacinthe alipoingia Jumamosi, amemshika Thaddée mkono, mkewe amebaki garini. Basi la Thaddée lilikuwa limezimika juu, karibu na daraja, na mzee alikuwa anamfariji kwa somo la bure. "Moteri haifi ovyo," alikuwa anasema. "Hawa wanatutisha tu. Ukitaka kujua..." Akasimama. Akavaa miwani. Akainama juu ya ile injini, akapitisha kidole kwenye kuta za ndani, akachota utope mweusi uliokuwa zamani mafuta, akaunusa.

Sévère akakisogeza mbele kwa mguu kile kifuniko safi, kisicho na herufi za mzee.

"Thaddée, njoo uone," alisema mzee. "Hii sasa, hii imekufa. Ona ukuta, imekwaruzwa yote. Ona mafuta, imekuwa uji. Mwenyewe alikuwa anaongeza tu, habadilishi. Muntu kama huyu hapashwe kupewa hata kinga ya magurudumu mbili." Akamgeukia fundi. "Ni ya nani?"

"Ya mzee mumoja, Papa. Nilimwambia imekufa, akanicheka mbele ya watu."

"Akakucheka?" Papa Hyacinthe alichukia kabisa, chuki ya haki. "Mujinga. Ulimwambia kweli. Hii, hata minye ningesema vile."

Furaha ilimpanda Sévère kutoka miguuni, ikamjaa kooni. Aliikalia.

"Papa," alisema kwa adabu, "unaweza kurudilia kidogo? Wale wa ng'ambo hawakusikia."

Mkurugenzi hajawahi kukataa kurudia somo. Alitoka mpaka mlangoni, akasafisha koo, akawatangazia wauza mikate na barabara nzima kwamba injini iliyomo mule imekufa, mwenyewe ndiye aliyeiua, na Sévère aliisikia vizuri tangu mwanzo. Garini, Mama Geneviève alifunika uso kwa kitenge chake chote.

Thaddée akaitazama tena ile injini, akapanda kuelekea darajani, akarudi akilisukuma basi lake mpaka mlangoni pa Sévère.