Faili la Mama Rangi

Siku hizi faili linafunguka kabla mtu hajakaa vizuri kwenye kiti. Unabonyeza, unapepesa jicho, limeshafika. Baada ya hapo ofisi inabaki kimya. Kasuku, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwahi kwenda likizo, anaingiza namba za dira za maji tangu asubuhi mpaka jioni na hana wa kumwambia neno. Meza ya pili, ile ya dirishani, imejaa maboksi ya karatasi za printa. Kiti chake kimepelekwa getini, anakikalia mlinzi.

Meza hiyo ilikuwa ya mke wa kaka yake. Ofisi nzima ilimwita Mama Rangi, ila Kasuku alimwita wifi, na ndivyo wifi alivyomwita naye. Duka la vitambaa alimokuwa akiuza Kasuku lilipofungwa, ni huyo wifi aliyemshika mkono akamwingiza ofisini, akamfundisha hata namna ya kushika kipanya. "Usikikamue, wifi. Si limau hilo."

Enzi zile faili lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Ndani yake mlikuwa na kila nyumba yenye maji ya bomba katika mji, kila dira, kila bomba lililowahi kupasuka. Asubuhi Mama Rangi alilibonyeza, kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo, naye akainuka kwenda kuchemsha chai. Mafundi wa mabomba waliingia na viatu vyao vya tope, wakaegemea ukuta na kusubiri orodha ya kazi. Katika kungoja huko ndiko kulikojulikana nani kalaza mgonjwa, mtoto wa nani kafaulu, nani kagombana na mwenye nyumba.

"Limefika wapi?" fundi mmoja angeuliza.

"Limeshaoga," Mama Rangi angejibu. "Sasa linatafuta viatu."

"Mwambie aje peku, jua linatuchoma!"

Kasuku angedakia kwamba hata bibi harusi hachelewi hivyo, na wote wangecheka.

Unene huo haukuja wenyewe. Mkuu wa ofisi aliwahi kufuta barua ya makao makuu kwa bahati mbaya, akafokewa mbele ya watu, na tangu siku hiyo akawa anaogopa kufuta kitu kama mtu aliyeumwa na nyoka anavyoogopa kamba. Aliamuru kila mwezi jedwali lote linakiliwe ndani ya faili lilelile. Zikazaliwa kurasa zenye majina kama MWISHO, MWISHO KABISA, na MWISHO HASA USIGUSE. Mafundi nao walileta picha za kila bomba walilolitengeneza, picha kubwa kama mabango, zikabandikwa humohumo: bomba, tope, na kwenye kona kidole gumba cha fundi mwenyewe. Kisha zikaja rangi za Mama Rangi. Bomba lililopasuka nyekundu, lililozibwa kijani, nyumba yenye mbwa mkali zambarau, ili msoma dira asirudi na suruali iliyochanika.

Ikafika mahali faili haliwezi kutumwa hata kwa barua pepe. Makao makuu walipolitaka, ilibidi wamtume mtu na flashi, naye alifika na sura iliyokunjamana. Ndipo mkuu alipomwita Mama Rangi ofisini kwake. Kasuku alikuwemo, ameleta mihuri.

"Mama, wewe uko kwa mkataba wa muda mpaka leo, sivyo?"

"Ndiyo, mkuu."

"Lipunguze hili dude mpaka liende kwa barua pepe. Ukifanikiwa, ajira ya kudumu nitakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe."

Mama Rangi alitoka mle akitembea kama mtu aliyebeba maji ya kujaa. Ajira ya kudumu ilikuwa na bima ya matibabu, ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wao. Mume wake, kaka yake Kasuku, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na macho yake yalikuwa yakimwacha taratibu. Alishaanza kupapasa sukari mezani. Daktari alisema jicho moja bado linaokoleka likiwahiwa.

"Wifi," Mama Rangi alimnong'oneza Kasuku, "omba tu mkuu asinigeuke."

Alianza kwa kuweka nakala nzima kwenye flashi na kuifungia kwenye droo, maana na yeye hakuwa mjinga. Kisha akazitoa picha, akazipanga kwenye folda za mtaa kwa mtaa, ndani ya faili akaacha majina yake tu. Akaziondoa nakala za nakala, MWISHO kwa MWISHO, huku mkuu akipita nyuma yake na kuguna kama mtu anayeng'olewa jino. Zile fomula zilizokuwa zikihesabu upya kila asubuhi mambo ya miaka iliyokwisha, akazifuta akaacha majibu yake.

Faili likapungua, lakini bado likawa linahema. Hapo ndipo Kasuku alipomwona wifi yake ameinamia kioo, kidole kimeganda kwenye kipanya, anashuka. Alikuwa amezipita nyumba zote na dira zote, anaendelea kushuka chini kusikoandikwa kitu, mahali ambapo pengine hakuna binadamu aliyewahi kufika. Na huko kote rangi zake zilikuwepo. Kila alipopaka safu, alikuwa ameipaka mpaka mwisho wa jedwali. Nyekundu isiyo na bomba. Zambarau isiyo na mbwa.

"Kumbe mchawi mwenyewe ni mimi," alisema, akacheka, kisha akaanza kuzifuta.

Siku alipomaliza, alilibonyeza faili mbele ya mafundi. Likafunguka palepale. Hakuna aliyepiga makofi. Walitazamana kama watu waliofumaniwa, kila mmoja akachukua orodha yake akatoka, na chai ikapoa kwenye birika.

"Ametuponza," fundi mmoja alitania akiwa mlangoni. "Sasa tutafanya kazi kweli!"

Faili likaenda makao makuu kwa barua pepe. Jibu lake likaja na gari, likiwa limevaa tai. Mgeni alikuwa mpole, mwenye meno mazuri. Alieleza kwamba kwa kuwa sasa faili linasafiri, hesabu zote zitafanyiwa kule. Hapa atabaki mtu mmoja tu wa kuingiza namba. Wote walikuwa wamekaa kuzunguka meza ya mkuu, na asubuhi ileile mkuu alikuwa amemsimamisha Kasuku kwenye korido. "Leo mdomo wako uupumzishe," alimwambia. "Nami nitakukumbuka."

"Ni nani aliyefanya kazi hii nzuri?" mgeni aliuliza.

"Ofisi nzima, mheshimiwa," mkuu alisema. "Chini ya usimamizi wangu."

"Mkuu, samahani," Mama Rangi alisema. "Mimi ndiye—"

"Mama, hebu mwongezee mgeni chai."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha adabu. Mama Rangi hakugusa birika. Aligeuka akamtazama wifi yake, bila hasira, kama unavyomtazama mtu unayejua atasimama. Kasuku alikuwa na maneno yote mdomoni. Alitazama kikombe chake. Kulikuwa na jani moja la chai lililonasa ukingoni, akalitazama hilo mpaka mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine.

Ajira ya kudumu akapewa Kasuku. Mkataba wa Mama Rangi ulipoisha, haukuandikwa mwingine. Siku ya kuondoka alifungua droo, akamwekea wifi yake flashi mezani. "Ya zamani iko humu," alisema. "Ukichoka na huu ukimya." Tangu hapo hajamwita wifi tena.

Kasuku sasa ana kadi ya bima. Hana mume, hana mtoto, na alipouliza kwenye dirisha la watu wa bima kama kaka anaweza kuandikwa, alijibiwa kwamba kaka hayumo kwenye orodha ya wategemezi. Alikwenda nyumbani kwa wifi yake mara moja. Kaka yake alimfungulia mlango, akanyoosha mkono hewani akimtafuta, na Kasuku akashindwa kusema yeye ni nani.

Mama Rangi yuko kwenye kibanda cha fotokopi mkabala na stendi, anawachapia watu barua za kuomba kazi.