Bibi Alivyojifukiza Redio

Jana, kwa fundi wa redio wa mtaa wa Usagara, redio kuukuu iliwashwa ikatoa harufu ya vumbi la moto, nami nikajikuta tena kwenye mkeka wa bibi yangu, Chumbageni.

Siku redio yetu ilipofika, dunia nzima ilijaa sebuleni. Shangazi, mwenye mimba pevu, akasogea mbele asikilize taarab. Jirani akamvuta kanga.

"We mwana weye! Mawimbi ya dude hilo yapenya mwili. Mtoto atatoka ameiva!"

Shangazi akaangua kilio. Bibi akajifunika blanketi gubigubi yeye na redio, kama anayejifukiza mwarobaini. Taarab ikaunguruma humo ndani, jasho likamtoka la kujaza kisima.

"Mama, toka, utakufa!" Shangazi akamsihi.

"Niache! Kama yaua, na yaanze na mimi mzee."

Nyimbo zilipokwisha akajifunua, akanyoosha goti lake bovu, akacheka.

"Mawimbi yapo, na goti limelainika! Njoo ukae, mwanangu."

Shangazi alisikiliza mpaka siku ya uchungu. Mtoto akazaliwa na sauti iliyosikika Pangani. Ndiye fundi huyo wa jana. Hata kukaza skrubu hawezi bila kuimba.